Jinsi ya Kutoa Maoni Kuhusu Mpango wa Mji Hadi Yajibiwe: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Lamu

Mtaa wetu uliwahi kupeleka karatasi yenye sahihi zaidi ya mia mbili. Juu yake tuliandika sentensi moja: "Sisi wakazi tunaupinga mpango huu." Baada ya miezi kadhaa tulirudishiwa jibu la maneno mawili: "Maoni yamezingatiwa." Tulikasirika sana. Nilipoisoma tena karatasi ile ndipo nilipoona shida ilipoanzia: hapakuwa na mahali tulipopataja, wala hatukuomba lolote. Afisa asingekuwa na la kubadilisha hata kama angetaka.

Tangu hapo nimekaa na watu wengi wa Amu (mji wa Lamu wenyewe), Shela na Matondoni wakiandika maoni yao, na makosa ninayoyaona ni yale yale. Mtu anazungumza kwa uchungu kikaoni, kisha haandiki. Akiandika, anaandika hasira. Akiandika vizuri, anapeleka siku ya mwisho imeshapita, au anamwachia karani bila kubaki na nakala. Mwongozo huu unahusu rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi wa mji, ile yenye ramani za rangi, na unakutoa kwenye tangazo hadi kwenye jibu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha ya tangazo lenyewe, tarehe ikisomeka.
- Rasimu yote: ramani pamoja na kitabu cha maelezo. Kimoja bila kingine hakitoshi.
- Rula ya sentimita, penseli, na karatasi nyembamba ya kufuatishia michoro.
- Simu yenye kamera na ramani ya setilaiti.
- Tepu ya kupimia ya mafundi, ndefu kadiri utakavyoipata.
- Daftari moja la kazi hii tu.
- Pesa za fotokopi, na nauli ya boti ikiwa ofisi ya kupokea maoni iko Mokowe.
- Watu wawili wasiochoka: mmoja anayepajua mahali kwa miguu yake, mmoja mwenye mwandiko unaosomeka.

Hati miliki haimo kwenye orodha, na nimeiacha makusudi. Wengi hunyamaza kwa kudhani kuwa asiye na hati hana la kusema. Katiba, Kifungu cha 184, inazungumzia wakazi kushiriki katika uendeshaji wa miji yao, na mpangaji wa chumba kimoja Langoni ni mkazi. Kiingereza pia si lazima. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya jamhuri, kwa hiyo andika kwa lugha unayoweza kuitetea.

## Hatua ya 1: Lisome tangazo, kisha hesabu siku kurudi nyuma

Mipango hii inaongozwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na serikali ya kaunti inatakiwa kuwatangazia watu kwamba rasimu iko tayari kukaguliwa. Kwenye tangazo tafuta mambo manne: jina kamili la mpango, mahali unapoweza kuukagua, anayepelekewa maoni, na siku ya mwisho. Yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Kisha toa siku saba kutoka siku ya mwisho. Hiyo ndiyo tarehe yako ya kupeleka. Siku saba hizo ni za boti kuharibika, karani kuwa likizo, au barua kurudishwa kwa sababu ilielekezwa ofisi isiyohusika.

Tahadhari. Hakikisha ni mpango gani. Kaunti ina pia mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ule wa miradi na bajeti. Nimeona kikao kizima cha matumizi ya ardhi kikiliwa na maombi ya basari na mashine za boti. Ni mahitaji ya kweli, lakini mpango wa matumizi ya ardhi hautoi pesa. Unasema wapi panaweza kujengwa nini, na vibali vya ujenzi vitakavyotolewa baadaye vitapimwa kwa huo.

## Hatua ya 2: Kaa na ramani mpaka ujue mahali pako

Usiende peke yako, na usiende kwa dakika kumi. Chukua asubuhi nzima.

Anza na kipimo kilichoandikwa pembeni ya ramani. Kikiwa 1:2,500, sentimita moja ya rula yako ni mita 25 ardhini. Kikiwa 1:5,000, ni mita 50. Kikiwa 1:10,000, ni mita 100. Hesabu hii ndogo ina uzito. Kwenye ramani ya 1:5,000, nyumba yenye upana wa mita kumi inakuwa milimita mbili tu, na mstari wa barabara uliochorwa kwa kalamu nene unaweza kuifunika nyumba yote. Ukiona mstari umepita juu ya nyumba yako, huenda ni barabara inayokuja, huenda ni unene wa wino. Jibu limo kwenye kitabu cha maelezo, panapotajwa upana wa kila barabara kwa mita.

Halafu soma ufunguo wa rangi. Katika mipango ya Kenya, kwa kawaida kahawia ni makazi, nyekundu biashara, zambarau viwanda, kijani burudani na maeneo ya wazi, njano huduma za umma. Hata hivyo ufuate ufunguo wa ramani iliyo mbele yako, usifuate kumbukumbu wala neno la aliyesimama kando yako.

Weka karatasi ya kufuatishia juu ya ramani, uchore kwa penseli eneo lako na alama mbili tatu zisizohama: msikiti, kisima, gati, kona ya shule. Andika pembeni namba ya ramani, kipimo chake na tarehe. Ikiwa ofisi inaruhusu kupiga picha, piga, lakini chora pia. Mkono unaochora huona mambo ambayo kamera huyapita. Bibi mmoja wa Mkomani aligundua wakati anachora kwamba kiwanja wanachochezea watoto hakikuwa na rangi yoyote. Kilikuwa cheupe, kana kwamba hakipo.

Utajua umefaulu ukiweza kuweka kidole mahali na kusema kwa sentensi moja: hapa rasimu inaruhusu hiki, na ukurasa fulani unasema hivi.

## Hatua ya 3: Nenda pale mahali na tepu

Ramani nyingi huchorwa kutokana na picha za setilaiti na ziara fupi. Wewe unaishi hapo, na hapo ndipo ulipo uwezo wako. Pima na upige picha vitu ambavyo karatasi haivioni.

Mambo matatu huku kwetu hupimwa vibaya mara kwa mara.

Maji. Mstari wa maji kujaa usiupime siku ya maji mafu, siku ambazo maji hayapandi sana. Ngoja bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, upige picha maji yakiwa yamejaa kabisa, na kitu kisichohama kikionekana. Kanuni za upimaji za 1994 zinataka ardhi ya serikali inayopakana na bahari, inapopimwa ili igawiwe, iachiwe kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Mtu akipima kutoka alama ya maji mafu, ukanda wote unasogea baharini, na ufukwe mnaoutumia unahesabiwa kuwa kiwanja.

Njia. Pima upana wa kichochoro mahali pembamba zaidi, si mdomoni. Kisha eleza kinachopita humo: punda wawili wenye mizigo ya matofali wakikutana, jeneza linalobebwa mabegani, mkokoteni wa zimamoto ukihitajika. Aliyezoea miji ya magari haoni kwamba mita mbili za Amu ni barabara kuu.

Majira. Ufukwe mtupu wakati wa kusi unaweza kujaa vyombo wakati wa kaskazi. Ukipiga picha siku moja tu, sema kwenye maelezo yako mambo huwaje miezi mingine.

Weka alama ya mahali kwenye ramani ya simu na unakili namba zake za latitudo na longitudo. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga kisiwa hiki ataweza kufika hapo kwa namba hizo.

## Hatua ya 4: Andika ombi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tulipokuwa tukifanya mazoezi ya kuandika maoni, nilikaa Matondoni na fundi mmoja wa majahazi. Tulijifanya kwamba rasimu imeupaka ufukwe wao rangi ya biashara. Alikuwa amechuchumaa chini ya chombo kilichopandishwa juu, akitia kalafati, yaani akisukuma pamba iliyolowa mafuta ya sifa, yale ya samaki, katikati ya mbao kwa patasi na nyundo. Nikamwuliza, "Ami, waambiwe nini?" Akasema bila kuinua kichwa, "Waambiwe wasituondoe."

Nikamwambia hilo halichoreki kwenye ramani. Nikamwuliza chombo kirefu kabisa alichowahi kukijenga hapa kilikuwa na urefu gani. Akaweka nyundo chini. Akatembea kwa hatua kutoka kwenye mkoko hadi kwenye rundo la mbao, akageuka, akanionyesha mahali pa kuanika mbao, mahali pa kuchomea miti ipinde, na njia ambayo lazima ibaki wazi siku ya kushusha chombo majini, maana watu husimama pande zote mbili kuvuta. Kufikia hapo tulikuwa na eneo lenye mipaka, vipimo na sababu. Maoni yalikuwa yameshajiandika.

Maoni mazuri yana sehemu tano, na kwa zoezi letu yalitoka hivi (vipimo na kurasa ni vya mfano):

> Kwa: Waziri wa Kaunti anayehusika na Ardhi na Mipango
>
> Kuhusu: Rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi, ramani namba 3, ufukwe wa Matondoni
>
> Mahali. Ufukwe ulio kati ya mkoko mkubwa na gati, urefu wa mita 140 na upana wa mita 35 kutoka alama ya maji ya bamvua. Mchoro umeambatishwa.
>
> Rasimu inavyosema. Eneo limepakwa rangi nyekundu. Ukurasa wa 41 unaruhusu nyumba za wageni na maduka.
>
> Hali ilivyo. Siku tuliyopima palikuwa na vyombo vitatu vimepandishwa: kimoja kinajengwa, viwili vinatiwa kalafati. Mafundi kumi na mmoja walikuwa kazini. Picha namba 1 hadi 6.
>
> Madhara. Jengo la kudumu mahali popote ndani ya mita 35 litaziba njia ya kushushia vyombo. Hakuna ufukwe mwingine karibu wenye mteremko unaofaa na usio na matope.
>
> Tunaomba. Rangi ya eneo hili ibadilishwe kuwa matumizi ya umma, na maneno haya yaongezwe ukurasa wa 41: "Eneo la kujengea, kutengenezea na kupandishia vyombo vya baharini. Majengo ya kudumu hayaruhusiwi, isipokuwa vibanda vya kivuli vya mafundi."

Itazame sehemu ya mwisho. Umempa afisa maneno tayari ya kunakili. Akikataa, itambidi aeleze kwa nini anayakataa maneno hayo hasa, na hawezi kujibu kwamba "yamezingatiwa".

Jambo moja, karatasi moja. Una mambo manne, andika karatasi nne zenye namba. Ofisi huyaingiza maoni kwenye jedwali, na barua yenye mambo manne hujibiwa lile jepesi, yaliyobaki yakapotea.

Kuhusu sahihi za pamoja: zina uzito, lakini zisiwe barua. Ziambatishe nyuma. Kwa nilivyoona, karatasi hamsini zilizonakiliwa neno kwa neno huhesabiwa kuwa hoja moja, ilhali karatasi sita za watu sita, kila mmoja akisema anachokijua, huwa hoja sita. Mvuvi aeleze maji, mama wa nyumbani aeleze kisima, mwenye punda aeleze njia.

Unaweza pia kuunga mkono. Ikiwa rasimu imelinda kitu unachokipenda, andika hivyo na utaje ukurasa. Chukua vilima vya mchanga vya Shela. Maji matamu ya visima vinavyounywesha mji yanatokana na mvua inayochujwa na mchanga ule, na kila jengo na kila shimo la choo juu yake linaingia kwenye ndoo zetu. Rasimu ikivilinda, anayetaka kujenga pale hatanyamaza. Tukinyamaza sisi, rekodi itaonyesha upande mmoja tu.

Tahadhari. Usimshutumu mtu kwa jina wala usiandike tetesi za nani ameuziwa nini. Kama una ushahidi wa wizi wa ardhi, una njia yake na ofisi zake. Ukiuchanganya humu, maoni yako yote yatawekwa kando kwa sababu ya sentensi moja.

Ikiwa mahali pako pamo ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2001, tengeneza nakala moja zaidi upeleke kwa Makumbusho ya Kitaifa. Urefu wa jengo, kuta za matumbawe na madaka ya milangoni ni mambo wanayoyasimamia wao pia, na neno lao huongeza nguvu.

## Hatua ya 5: Peleka, na urudi na mhuri

Chapisha au andika nakala mbili za kila karatasi. Moja unaiacha, moja inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na unarudi nayo nyumbani. Hili halina mjadala. Karani akisema mhuri haupo, mwombe aandike kwa mkono jina lake, cheo, tarehe na saa, atie sahihi. Hakikisha namba za viambatisho zimetajwa kwenye barua yenyewe, la sivyo picha zitapotea na hutaweza kuonyesha kwamba ziliwahi kuwepo.

Tuma pia kwa barua pepe ikiwa tangazo limetoa anwani, uambatishe picha ya nakala yenye mhuri. Mjumbe wako wa wadi, iwe Mkomani, Shella au nyingine, naye apate nakala yake. Rasimu itafika bunge la kaunti, na mjumbe aliyeisoma karatasi yako mapema ni tofauti na aliyeisikia juu juu.

Utajua umefaulu ukiweza kuweka mezani karatasi yenye mhuri wa tarehe iliyo kabla ya siku ya mwisho. Sauti ya kurekodi na kumbukumbu ya mtu haviifikii.

## Hatua ya 6: Kikaoni, soma ulichoandika

Kikao huja kabla au baada ya barua, kutegemea ratiba. Vyovyote iwavyo, usiende kuhutubia. Simama, taja jina na mtaa, taja namba ya ramani, soma sehemu ya "Tunaomba", kaa chini. Dakika mbili zinatosha. Kabla ya kuondoka mwombe mwandishi wa kikao akusomee alichoandika kuhusu hoja yako. Ukiona ameandika "mkazi alilalamika kuhusu ufukwe", mrekebishe papo hapo.

Andika wewe pia: saa kikao kilipoanza, waliohudhuria ni wangapi, maswali gani hayakujibiwa, na kama ramani ilionyeshwa au ilikunjwa mezani. Mambo haya huonekana madogo. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipoifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa huku Lamu, hoja kubwa mojawapo ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kesi ya namna ile husimama juu ya rekodi: nani aliitwa, lini, akaonyeshwa nini.

Kikao kikipangwa saa ya sala ya Ijumaa, au wavuvi wakiwa baharini, andika barua mapema kuomba kingine. Usisusie kimya kimya, kwani aliyesusia bila barua huhesabiwa kuwa hakuwa na neno.

## Hatua ya 7: Dai jibu

Subiri wiki chache baada ya siku ya mwisho, kisha omba kwa maandishi vitu viwili: jedwali la maoni yote na majibu yake, na toleo jipya la rasimu. Tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na inampa afisa siku 21 kukujibu. Kuomba ni bure, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Asiyejua kuandika anayo haki ya kusaidiwa na afisa ombi lake liandikwe.

Ombi liwe fupi: "Naomba jedwali la maoni yaliyopokelewa kuhusu rasimu hii, pamoja na uamuzi na sababu kwa kila oni. Nakala ya oni langu lililopokelewa tarehe fulani imeambatishwa." Peleka kwa mhuri kama kawaida. Ukinyimwa, au siku zikipita kimya, Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayopokea malalamiko ya namna hii. Uamuzi wa kukunyima ukikufikia, una siku 30 za kuiomba tume iupitie.

## Hatua ya 8: Wakikataa

Soma sababu kwanza, kwa utulivu. Mara nyingine afisa ana haki: barabara uliyoipinga ndiyo pekee ambayo wagonjwa wa mtaa wa nyuma wangepita. Mara nyingine sababu ni nyepesi, na hapo una milango mitatu.

Wa kwanza ni bunge la kaunti, ambako unaweza kupeleka ombi rasmi kabla mpango haujapitishwa. Wa pili ni kamati ya kaunti iliyoundwa na sheria ile ya 2019 kusikiliza rufaa kuhusu mipango ya ardhi. Wa tatu ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye kituo Malindi. Nenda kwa utaratibu huo, kwa sababu mahakama hupenda kujua ulianzia wapi, na kwa mlango wa tatu tafuta wakili. Siku za rufaa ni chache. Kwa uamuzi wa ombi la kibali cha ujenzi sheria inatoa siku 14 tu, basi siku unayopokea jibu ndiyo siku ya kuanza kuandika.

Na mpango ukishapitishwa, rudi ofisini na ile karatasi yako ya penseli. Tazama kipimo cha ramani mpya kama ni kile kile. Kikiwa ni hicho, iweke juu yake, linganisha msikiti na msikiti, gati na gati, kisha angalia rangi iliyo chini ya mchoro wako.